Mwindaji wa Mawingu

Kila mtu ana kitu kinachomtoa nyumbani. Mmoja hutolewa na mpira, mwingine na soko, wa tatu akisikia ngoma ya arusi huacha hata sahani yake mezani. Mimi hutolewa na wingu. Likianza kuinuka upande wa Bogoro, jeusi chini, jeupe juu kama pamba iliyochambuliwa, nachukua koti la mvua na daftari, napanda baiskeli, naenda kulilaki. Mke wangu amekwisha kuzoea. Jirani hawajazoea bado: wao huona mtaa mzima ukikimbia kuingia ndani, na katekista peke yake akikimbia kutoka, nao hutikisa vichwa.

Desturi hiyo niliipata seminarini. Palikuwa na padri mmoja mzee, Mbelgiji, aliyekuwa na kipimo cha mvua katika bustani ya mboga. Kila asubuhi baada ya Misa alikwenda kusoma maji yaliyoingia, akaandika milimita zake. Na miguu yake ilipoanza kumsumbua, alinituma mimi. Tulipokuwa tukingoja chai alinisimulia tufani za kwao. Alisema kwamba huko Ulaya tufani kubwa huja wakati wa baridi, upepo ukitoka baharini siku mbili tatu bila kupumzika, mvua ikigeuka theluji, na mara chache sana ngurumo husikika katikati ya theluji yenyewe, sauti yake imefifia kama mtu anayenena ndani ya blanketi. Jambo hilo lilinishangaza kupita yote. Sisi wa Ituri hatuna majira ya namna hiyo. Tuna kiangazi, toka Desemba hata Februari, wakati vumbi linapoficha hata milima, halafu tuna mvua. Theluji yetu iko mbali upande wa kusini, juu ya Ruwenzori, kwenye mita 5,000 na zaidi, nayo yapungua mwaka kwa mwaka. Hapa Bunia barafu hutujia kwa namna moja tu, yaani mvua ya mawe, inayotoboa majani ya migomba na kupiga mabati hata Padri akanyamaza katikati ya mahubiri. Watoto huyaokota mawe yale na kuyala. Nami nimeyala.

Lakini ikiwa Mungu hakutupa tufani za theluji, ngurumo ametupa kwa ukarimu. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha hesabu ya miali ya umeme iliyoonwa na satelaiti toka 1998 hata 2013. Mahali pa kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela: miali 233 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Mahali pa pili ni kwetu Kongo, karibu na Kabare katika Kivu ya Kusini: miali 205. Na pa tatu ni kwetu tena, Kampene katika Maniema. Katika mahali 500 penye umeme mwingi kupita pote, 283 ni pa Afrika. Basi mtu apendaye tufani hana haja ya kununua tikiti ya ndege.

Tazameni ramani, mtaona sababu ya mvua zetu. Ziwa Albert liko chini, kwenye mita 619 hivi juu ya bahari. Sisi wa Bunia tuko juu, kwenye mita 1,200 na zaidi. Na kando ya ziwa pamesimama ukuta wa milima, ambayo upande wa Djugu na Mahagi huitwa Milima ya Bluu. Mchana jua likichoma nchi kavu, hewa ya ziwani yenye unyevu huvutwa kupanda. Ikipanda hupoa, ikipoa huwa wingu, na wingu likizidi kupanda hufika kilomita kumi na mbili au zaidi, mahali pa baridi kali kabisa. Humo ndani matone hugeuka barafu, vipande vya barafu hugongana na kusuguana, ndipo umeme huzaliwa. Kwa hiyo hata radi ya hapa Ikweta ni mtoto wa barafu. Yule padri mzee alipenda kuninyoshea kidole juu na kusema kwamba majira ya baridi ya kwao yamehamia pale, juu ya vichwa vyetu, kila alasiri.

Usiku mambo hugeuka. Hewa iliyopoa huteremka toka milimani, ya Kongo huku na ya Uganda kule, ikakutana juu ya maji yaliyo bado na joto, na tufani ikazaliwa ziwani penyewe kabla ya mapambazuko. Huo ndio wakati wavuvi wa Kasenyi na Tchomia wamo majini na taa zao. Nilimwuliza mmoja wao ajuaje kwamba hatari inakuja. Akanijibu kwamba yeye hatazami juu, hutazama ng'ambo: taa za upande wa Uganda zikizimika zote kwa ghafula, mvua imesimama katikati, na mwenye akili huvuta wavu hata kama una samaki nusu tu. Mtu huyo hakusoma hata darasa la tatu, lakini ningempa kiti cha mwalimu.

Sasa juu ya uwindaji wenyewe. Huko Marekani, katika nchi tambarare za Oklahoma na Kansas, kuna watu wanaofuata tufani kwa magari, wana rada na kompyuta, husafiri siku nzima ili waone kimbunga kimoja kikigusa nchi. Wengine hufanya hivyo kwa picha, wengine kwa elimu. Mmoja wa wenye elimu alikuwa Tim Samaras, aliyekuwa akiweka vyombo vya kupimia katika njia ya kimbunga chenyewe. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, kimbunga kiligeuka na kukua kwa ghafula, kikamwua yeye, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Ikiwa mtu mwenye ujuzi kama ule alifikiwa, katekista mwenye baiskeli atasema nini? Kwa hiyo uwindaji wangu una sheria moja: mnyama haguswi. Naenda hata penye nyumba ya matofali iliyo kwenye kilima, nasimama barazani, nahesabu. Sauti huenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Nikiona umeme nahesabu polepole. Zikipita sekunde thelathini kabla ya ngurumo, wingu liko kilomita kumi. Zikipungua thelathini, daftari hufungwa, naingia ndani mbali na mlango, na sitoki hata nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wenye nyumba ile sasa huniwekea kigoda.

Daftari zangu zimefika tano. Zina saa ya wingu kuonekana, upande lilikotoka, mvua iliyopimwa katika kopo langu, na mahali radi ilipopiga ikiwa naweza kupajua. Sitawachosha kwa hesabu zile. Lakini ningependa mngaliona lile wingu refu lililolala kama gogo, linalotangulia mvua, likibingirika juu ya nyumba za Mudzipela, na upepo wa baridi ukitoka chini yake wenye harufu ya udongo wa mahali ambapo mvua imekwisha kunyesha, na mwewe wakipanda juu yake bila kupiga bawa. Zaburi zilitungwa na mtu aliyesimama na kutazama namna hiyo, sina shaka.

Tena msidhani kwamba kazi hii ni ya Wamarekani tu. Mapadri waliwatangulia. Kule Havana, katika kisiwa cha Cuba, Padri Benito Viñes wa Shirika la Yezu alifika mwaka 1870, akatazama mawingu na baromita kila siku kwa miaka mingi, na katika Septemba 1875 akatangaza katika gazeti kwamba tufani inakuja, nayo ikaja. Tufani zikiisha kupita alisafiri kutazama miti iliyoanguka imelala upande gani, apate kujua upepo ulivyozunguka. Kule Manila, Padri Federico Faura, wa shirika lile lile, alifanya vivyo hivyo mwaka 1879. Hao walikuwa wawindaji wa tufani waliovaa kanzu, na mabaharia waliwaombea kheri kuliko wafalme.

Nasema hayo kwa sababu wako Wakristu wanaoniuliza kama si dhambi kuchunguza radi. Kwao radi si ya kuchunguzwa, ni ya kuulizwa imetumwa na nani. Hapo ndipo mchezo wangu uliacha kuwa mchezo.

Mwaka juzi, katika Septemba, radi iliua kijana mmoja katika kijiji kilicho kando ya barabara ya Bogoro. Alikuwa akirudi shambani, mvua ikamkuta, akajificha chini ya mkaratusi pamoja na mbuzi wawili. Wote watatu walianguka pamoja. Nilifika siku ya pili kuongoza sala, kwa kuwa Padri alikuwa safarini. Nilikuta kilio, lakini nilikuta na jambo jingine: vijana wamekaa kando, hawali, hawasemi, na ndani ya nyumba ya jikoni shangazi wa marehemu amejifungia. Yule mama, mjane, alikuwa amegombana na kijana juu ya mpaka wa shamba la mihogo, na mbele za watu alimwambia, "Mungu atakuona." Siku nane baadaye radi ikapiga. Kwa watu wengi hapo ushahidi umekwisha timia.

Tulipomaliza sala niliwaomba wazee twende penye mti. Walikubali, nadhani kwa sababu walitaka nione ukubwa wa jambo. Mkaratusi ule ulikuwa umesimama peke yake kwenye mgongo wa kilima, mrefu kupita kila kitu hata nyumba za barabarani. Ganda lilikuwa limebanduka toka juu hata chini, mti mweupe ukionekana kama mfupa. Lakini karibu na jeraha lile jipya palikuwa na mstari mwingine, wa zamani, kingo zake zimevimba na kufunga kama kovu la mtu. Nikauliza, "Na hili, wazee wangu, ni la lini?" Wakatazamana. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba kabla ya vita radi iliua ng'ombe pale pale. Nikauliza, "Ng'ombe yule naye aligombana na nani?" Mmoja alicheka kidogo, akajiziba kinywa kwa sababu ya msiba.

Nikawaeleza kwamba radi hutafuta kitu kirefu kilicho peke yake. Kwamba ikishuka katika mti huruka ubavuni kumpata aliye karibu, tena hutembea ardhini, ikapanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine, na mbuzi wenye miguu minne hawaponi. Nikafungua daftari nikawaonyesha: siku ile wingu lilitoka ziwani saa nane, nililiona mwenyewe toka Bunia, nikaandika, na lilipiga mahali pengi kabla ya kufika kwao. Je, shangazi alikuwa na ugomvi na kila kilima?

Basi mzee wa ukoo, mtu mpole, alinijibu neno ambalo sijalisahau. Akasema, "Mwalimu, hatukatai. Radi hupiga mti mrefu, hilo hata sisi twalijua. Lakini kwa nini yeye? Kwa nini siku ile, saa ile, na si mwingine?"

Ndugu zangu, daftari haina ukurasa wa swali hilo. Nilimjibu kwa Injili, si kwa elimu ya mawingu. Nilimkumbusha mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, na jinsi Bwana Yezu alivyowauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa na dhambi kupita watu wote wa Yeruzalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hakutaja mchawi, wala hakutafuta mjane wa kulaumiwa. Halafu nikamweleza habari ya Runyanya, kule Kiryandongo katika Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga shule, ikaua wanafunzi kumi na wanane na mwalimu wao. Kumi na wanane, hesabu ile ile ya Siloamu. Nani angethubutu kusema kwamba watoto wale walikuwa wabaya kuliko watoto wa shule ya jirani?

Mzee alinyamaza. Sikupata kusikia kwamba ameshawishika. Lakini jioni ile aliwaita wale vijana akawaambia kwamba mtu yeyote atakayemgusa shangazi atakuwa amemgusa yeye. Baada ya wiki moja yule mama alihamia Bunia kwa binti yake. Wako watu wa ukoo ambao hata leo hawamsalimu. Shamba lake hulilima bado, akienda asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama.

Mtasema, mwisho wake si mzuri sana. Ni kweli, lakini tazameni ungaliweza kuwa nini. Katika Juni 2001, kule Aru, katika Ituri hii yetu, mamia ya watu waliuawa na jirani zao kwa kusingiziwa uchawi. Na katika Oktoba 1998 magazeti yaliandika kwamba huko Kasai radi iliua wachezaji kumi na mmoja wa timu moja ya mpira bila kudhuru timu ya pili. Mara watu wakaanza kutafuta mganga aliyelipwa. Radi huua mara moja. Uvumi huendelea kuua mvua ikiisha anuka.

Wala tusifikiri kwamba ujinga huo ni wa Afrika peke yake. Katika Ulaya ya zamani watu walipiga kengele za kanisa ili kufukuza radi. Kitabu kimoja kilichotoka Munich mwaka 1784 kilihesabu kwamba kwa miaka 33 radi ilipiga karibu minara 400, na wapiga kengele zaidi ya 100 walikufa na kamba mkononi, kwa maana mnara ndio mkaratusi wa kijiji. Na paroko mmoja, Padri Prokop Diviš, wa Přímětice katika nchi iitwayo leo Ucheki, alisimamisha mwaka 1754 chombo cha vyuma vilivyochongoka, alichokitumaini kuondoa umeme mawinguni. Miaka michache baadaye ukame ulipokuja, wanaparokia wake wakasema kwamba chombo cha Padri ndicho kilichofunga mvua, wakakiangusha. Nilipomsimulia mzee mmoja Mualuri habari hiyo alicheka hata machozi, akasema, "Kumbe na Wazungu wana watu wanaofunga mvua!"

Tangu msiba ule nimeacha kufundisha katekisimu chini ya mti mkubwa wa chapeli yetu ya kando ya mji. Wazee walinung'unika, maana kivuli ni kizuri, na mti ule ulipandwa na katekista wa kwanza. Sasa mawingu yakiwako tunaingia katika darasa la matofali, mbali na mlango na madirisha, na watoto wenyewe huhesabu kwa sauti baada ya kila mwanga: moja, mbili, tatu. Wamekuwa hodari kunipita.

Chapeli yenyewe ina mabati juu ya nguzo za miti, haina waya hata mmoja wa kuishusha radi ardhini. Jengo la sala si ngao kwa kuwa ni la sala. Tarehe 10 Machi 2018 radi iliingia katika kanisa moja la Waadventista kule Nyaruguru, Rwanda, ikaua watu wasiopungua kumi na watano. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu kumi na wanne waliuawa wakiwa wamekusanyika kwa sala, wengi wao watoto. Nikisikia habari hizo nafikiri juu ya ndugu zetu waliokimbia vita wanaokaa Kigonze na kambi nyingine za Bunia, chini ya mahema ya plastiki. Hema halizuii radi kamwe. Kwao hakuna nyumba ya matofali ya kukimbilia isipokuwa tuwafungulie milango ya shule na makanisa yaliyo karibu, tena mapema, kabla mvua haijafika. Nimelipeleka jambo hilo kwa Padri na kwa halmashauri ya parokia. Funguo za darasa mbili zimekwisha kutolewa, na mlinzi ameambiwa asisubiri barua.

Waya wa shaba nao tumeuulizia bei. Fundi mmoja anasema utaibwa kabla ya Krismasi. Mwingine anasema uzikwe ndani ya ukuta, lakini chapeli haina ukuta. Bado tunashauriana.

Yule shangazi husali parokia yetu sasa. Hapendi kuzungumza juu ya mambo yale, nami simwulizi. Ila siku za mvua, akinikuta barabarani na baiskeli yangu, husimama, huelekeza kidevu chake mashariki, na kuniuliza, "Mwalimu, lile linakuja kwetu?" Juma lililopita nilitazama, nikahesabu, nikamwambia, "Hapana, mama, leo linapita Rwampara. Lakini upepo wake utafika." Akaenda kuanua mihogo yake.